Ndege, Sungura na Imani: Maneno ya Kiingereza ya Udanganyifu Yako Upande wa Nani?

1. Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi ya Kiingereza mwaka jana, mhadhiri wetu alituuliza swali lililoonekana jepesi. Tulikuwa tunasoma Twelfth Night ya Shakespeare, naye alitaka tumtafsirie kwa Kiswahili neno "gull" kama linavyotumika mle kama kitenzi. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: kudanganya. Akaandika ubaoni. Akataja "cozen". Tukasema kudanganya. "Beguile" je? Kudanganya. "Hoodwink"? "Kudanganya tu, mwalimu." Alipofika neno la saba tulikuwa tunacheka wenyewe, maana ubao ulikuwa umejaa neno lile lile. Akaweka chaki chini akasema: "Basi Waingereza hawa wana kazi! Maneno saba kwa shughuli ya neno moja." Kipindi kikaisha.

Makala haya ni jibu langu la kuchelewa. Nakusudia kuonyesha kwamba maneno haya hayatofautiani kwa ukubwa wa kosa peke yake. Yanatofautiana pia kwa upande yanaousimamia. Yako yanayomtazama aliyedanganywa na kumcheka, na yako yanayomtazama mdanganyaji na kuitaja kazi yake. Mhakiki asiyeuliza neno liko upande wa nani anaweza kuisoma tamthilia nzima kwa macho ya tapeli bila kujua.

Kabla sijaendelea, ndugu msomaji, sina budi kukiri kwamba swali hili kwangu si la darasani tu.

2. Kisa cha vigae

Siku ya tatu tangu nifike Dar es Salaam kuanza mwaka wa kwanza, nilikuwa na shilingi 400,000 mfukoni. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Ifakara, alikuwa ameuza mpunga ili ninunue kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika. Kwenye kituo cha daladala kijana mmoja akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Tukaongea. Akataka kujua natoka wapi, nimekuja kusoma nini, mzee anafanya kazi gani. Nikamwambia yote, akaniaga akaenda zake.

Haikupita hata robo saa, mtu mzima mmoja akanishika bega. "We! Si mtoto wa Mwalimu, wa Ifakara? Baba yako amenifundisha mimi!" Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mdogo wangu, na macho yake yakalengwa na machozi kabisa. Aliposikia shida yangu akasema kuna jamaa yake anauza kompyuta ya ofisi. Tulipofika tukakuta mteja mwingine anang'ang'ania kuinunua kwa bei kubwa zaidi, na kaka yangu yule akagombana naye kwa ajili yangu. Niliiona kompyuta ikiwaka. Niliiona ikitiwa kwenye mkoba. Nilipoufungua mkoba bwenini, ndani mlikuwa na vigae viwili vya sakafu vilivyofungwa kwa gazeti.

Wenzangu chumbani walicheka hadi wakashika mbavu. "Umeingizwa mjini, bwana!" Mmoja akanimalizia kwa methali: wajinga ndio waliwao. Mimi nikampigia baba simu nikamwambia kompyuta imeibwa. Angalieni neno nililochagua. Kuibiwa hakuna aibu. Aibu ni ya mwizi. Kudanganywa kuna aibu, na aibu hiyo anaibeba aliyedanganywa. Kwa hiyo nikamdanganya baba ili nisionekane nimedanganywa.

3. Aliyedanganywa kama ndege

Tuanze na neno la kawaida kabisa, "deceive". Lilifika Uingereza kutoka Ufaransa baada ya Wanormani kuitawala nchi hiyo mwaka 1066, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "decipere", ambacho ndani yake kuna "capere", yaani kukamata. Maana ya awali ni ya mtegoni: kunasa. Tangu mwanzo, basi, katika neno hili mmoja ni mwindaji na mwenzake ni windo.

Maneno mengine yameiendeleza picha hiyo. "Gull" wakati wa Shakespeare lilimaanisha mtu anayedanganyika kirahisi, na wengi wanalihusisha na kinda la ndege ambalo bado halijaota manyoya. Kinda hupanua mdomo kwa chochote kinachokuja. Mwaka 1609 Thomas Dekker aliandika kitabu kizima cha kejeli, The Gull's Hornbook, akijifanya kuwafundisha vijana wa namna hiyo jinsi ya kujionyesha mjini London.

"Dupe" lilitoka Kifaransa, na maelezo yanayokubalika ni kwamba lilitokana na jina la hudihudi, ndege ambaye Wafaransa walimwona mpumbavu. Hapa msomaji wa pwani atashangaa kidogo. Hudihudi huyo huyo, katika Kurani, ndiye aliyemletea Nabii Suleiman habari za malkia wa Sabaa. Kwetu ni mjumbe mwenye habari ambazo mfalme mwenyewe hakuwa nazo. Kwa Wafaransa ni jina la mtu wa kupumbazwa. Kumbe ujinga haukuwa wa ndege. Ni watu waliomtwika.

"Hoodwink" nalo ni la karne ya 16. Zamani "wink" lilimaanisha kufumba macho, si kukonyeza kama leo, na "hood" ni kofia inayofunika kichwa. Kumfanya mtu hivyo kulikuwa ni kumfunga macho hasa, kwa kitambaa, kabla neno halijapata maana ya kumdanganya. Hapa kidogo tunapumua, maana macho yaliyofungwa yamefungwa na mtu. Kiswahili kina ndugu wa neno hili: kupigwa changa la macho. Mchanga haujirushi wenyewe.

4. Sungura wa London na Sungura wetu

Neno lililonigusa zaidi nilikutana nalo maktaba. Mwaka 1591 na 1592 Robert Greene, mwandishi wa tamthilia aliyesomea Cambridge, alichapisha vijitabu kadhaa vya kufichua mbinu za matapeli wa London. Kazi yao iliitwa "coney-catching", yaani kukamata sungura. "Coney" ni sungura wa kufugwa, aliyetunzwa kwa ajili ya nyama na manyoya. Aliyedanganywa ndiye sungura, na kwa kawaida alikuwa mtu wa shamba aliyeingia mjini na fedha zake.

Greene anaeleza kwamba walifanya kazi kwa makundi, kila mtu na cheo chake. Wa kwanza, "setter", humsogelea mgeni, humsalimu, humuuliza anatoka wilaya gani na majirani zake ni nani. Asipofanikiwa kumvuta kwenye kilabu cha pombe, humwacha aende, kisha huwahi kumpasha habari wa pili. Huyo wa pili, "verser", hukatiza njia, humkuta mgeni na kumwita kwa jina kana kwamba ni rafiki wa siku nyingi. Mgeni anashangaa, anafurahi, anakubali kuketi. Karata zinatolewa. Ndipo anapoingia wa tatu, "barnacle", akijifanya mpita njia asiyemjua yeyote, naye anaomba kucheza.

Jamani, niliposoma hapo nilifunga kitabu. Kijana wa kituoni, kaka wa Ifakara, mteja mwenye bei kubwa: wote watatu walikuwa wameshaandikwa miaka mia nne kabla sijazaliwa, kwa mpangilio ule ule.

Na lipo jambo jingine. Greene anadai anaandika ili kuwaonya wanavijiji. Lakini jina analotumia ni la wezi wenyewe. Ni lugha yao ya kazini. Anapolieneza jina hilo kwa wasomaji wa London, anawafundisha wote kumwona mtu wa shamba kama nyama. Onyo linatolewa kwa mdomo wa mwindaji. Wenzangu chumbani hawakuwa matapeli, lakini waliposema nimeingizwa mjini walikuwa wanazungumza Kitapeli, maana ni tapeli anayemwona mwenzake kuwa mshamba wa kuingizwa.

Sasa linganisha na sungura wetu. Katika hadithi zetu Sungura ni mdogo, hana pembe wala makucha, na anawashinda Fisi, Simba na Tembo kwa hila. Hila yake tunaishangilia kwa sababu anaowashinda ni wakubwa kuliko yeye. Hadithi za namna hii zilivuka Atlantiki na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na mwaka 1880 Joel Chandler Harris alichapisha huko Marekani mkusanyo wa masimulizi ya watu hao yenye Brer Rabbit kama shujaa. Hivyo Kiingereza kilichokuwa na sungura wa kuliwa kikapata, kutoka kwa watumwa, sungura asiyekamatika. Mnyama ni wa ukoo mmoja. Kilichobadilika ni nani anasimulia.

5. Kicheko cha Twelfth Night na kilio cha Othello

Turudi kwenye tamthilia iliyotuumbua darasani. Malvolio ni msimamizi wa nyumba ya Olivia, mwenye majivuno. Watu wa nyumba hiyo wanamwandikia barua ya uongo, aamini kuwa bibi yake anampenda. Anavaa soksi za manjano, anatabasamu hovyo, anaonekana mwendawazimu, anafungiwa gizani. Kwa Kiswahili tungesema wamemvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho barabarani.

Tunajua jinsi mtazamaji mmoja wa wakati ule alivyoipokea hila hiyo. Mwanafunzi wa sheria, John Manningham, aliiona tamthilia ikichezwa London tarehe 2 Februari 1602, akaandika katika shajara yake. Alichokisifu ni ile hila ya kumfanya msimamizi aamini anapendwa. Huyu ni mwanafunzi mwenzetu, na kicheko chake ni kicheko cha bwenini kwetu. Kiwango cha aibu ya Malvolio hakikumshughulisha, kwa sababu neno "gull" lilikwisha kufanya kazi yake. Akishaitwa kinda, kilichobaki ni kumtazama akimeza.

Miaka michache baadaye, katika Othello, Shakespeare analirudia neno hilo hilo mahali ambapo hakuna anayeweza kucheka. Othello amekwisha kumuua mkewe Desdemona kwa kuamini uongo wa Iago. Emilia, mke wa Iago, anapoujua ukweli anamwita Othello "gull". Ni neno la Malvolio, ila sasa kuna maiti kitandani. Lakini Emilia haishii hapo. Anageuka na kumtaja mumewe mbele ya watu kuwa ndiye mwovu, na kwa kumtaja huko anauawa. Katika dakika chache tumepitia pande zote mbili: kwanza ujinga wa aliyedanganywa, kisha kazi ya aliyedanganya. Hatua ya kwanza haikumgharimu Emilia kitu. Ya pili imemgharimu roho. Na tukumbuke kwamba ile leso iliyotumika kama ushahidi wa uongo, yeye mwenyewe ndiye aliyeiokota na kumpa mumewe bila kujua ya nini. Naye alikuwa amedanganywa.

Je, Othello ni mjinga? Wanafunzi wengi huandika hivyo kwenye mtihani, nami niliandika. Hebu tuhesabu. Neno "honest", yaani mwaminifu, pamoja na jamaa zake, limo katika tamthilia hiyo zaidi ya mara 50, na mara nyingi linamhusu Iago. Mhakiki William Empson alilitengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1951. Cassio anamwamini Iago, Desdemona anamwamini, jeshi zima linamwamini. Ukisema Othello ni kinda, itakubidi useme Venisi nzima ni kiota.

6. Maneno yanayomtaja mdanganyaji

Kiingereza kinayo pia maneno ya upande wa pili. La kwanza ni "cheat". Lilitokana na "escheat", neno la sheria ya ardhi la Uingereza ya zama za kati. Mwenye kushika ardhi akifa bila mrithi, ardhi ilirudi kwa bwana wake au kwa mfalme. Wapo maofisa waliosimamia shughuli hiyo, na sifa yao kwa wananchi ilikuwa mbaya kiasi kwamba neno lilipokatwa silabi ya mbele likabaki na maana ya kulaghai. Hapa hakuna ndege wala sungura. Yuko ofisa, na nyuma yake sheria. Aliyenyang'anywa hakuwa mjinga hata kidogo. Hakuwa na mahali pa kushtaki.

La pili ni "con". Mwaka 1849 huko New York alikamatwa mtu aitwaye William Thompson. Mbinu yake ilikuwa kumsogelea mtu asiyemjua, mwenye mavazi ya heshima, kuzungumza naye kirafiki, kisha kumuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake hadi kesho. Watu walimpa. Magazeti yakamwita mtu wa imani, "confidence man", na baadaye neno likafupishwa. Mwaka 1857 Herman Melville akatoa riwaya yenye jina hilo, inayotokea ndani ya meli ya Mto Mississippi siku ya tarehe 1 Aprili, ambamo mtu baada ya mtu anawaomba abiria wamwamini. Neno hili linataja kilichochukuliwa hasa. Thompson alichukua saa, lakini chambo chake kilikuwa wema wa watu. Asiyemwamini mtu yeyote hawezi kutapeliwa hivyo, na hawezi pia kuwa jirani.

Karibu na hili ni "cozen". Asili yake inabishaniwa, lakini waandishi wa enzi ya Elizabeth walipenda kulichezea pamoja na "cousin", yaani binamu, kwa kuwa yanatamkika karibu sawa. Masikio yao yalisikia undugu ndani ya ulaghai. Nami nikilisikia, namwona mtu akiniitikia: marahaba, mdogo wangu.

La mwisho limezaliwa na fasihi yenyewe. Mwaka 1938 Patrick Hamilton aliandika tamthilia Gas Light, ikafanywa filamu mara mbili, mwaka 1940 na 1944. Mume anamfichia mkewe vitu na kumshawishi kuwa anaanza kurukwa na akili, huku taa za gesi zikififia kila anapopekua ghorofa ya juu kisirisiri. Kutoka hapo kikapatikana kitenzi "gaslight", kumfanya mtu asiamini akili yake mwenyewe, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza neno hilo kuwa neno la mwaka. Hebu fikiria: wanawake wangapi waliitwa wenye wasiwasi na wajinga kabla hakijapatikana kitenzi ambacho mtendaji wake ni mume?

7. Hitimisho

Kiswahili hakina upungufu. Tatizo lilikuwa uvivu wetu siku ile. Tunacho hadaa, ghilibu, laghai, rubuni, zuga, kuvika kilemba cha ukoka, kupiga changa la macho, kuingiza mjini. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice mwaka 1969, wafanyabiashara wake aliwaita mabepari, na kwa neno hilo moja akamwambia msomaji asimame wapi. Kila mfasiri hufanya hivyo, ajue asijue. Kwa hiyo ubao ule leo ningeujaza hivi: "hoodwink", kupiga changa la macho, "gull", kuvika kilemba cha ukoka, "cozen", kujipa undugu, "con", kuila imani ya mtu. Anayepinga aandike toleo lijalo, tubishane.

Ile methali ya wajinga nayo naikubali kama onyo kabla ya safari. Kama hukumu baada ya tukio siikubali tena, maana inakula mara ya pili mtu aliyekwisha kuliwa.

Likizo iliyopita nilirudi Ifakara nikamweleza baba kwamba kompyuta haikuibwa. Nilimsimulia yote, kituo, mkoba, vigae. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Walikuwa wangapi?" Nikasema watatu. Akatikisa kichwa, akakaa kimya muda mrefu akitazama nje.

"Na huyo wa pili," akasema mwishowe, "alikwambia nilimfundisha mwaka gani?"